Likizo ya watoto iliyotufumbua macho kuhusu mama yao

Kila mwaka shule zinapofungwa Juni, dada yangu hufanya mambo mawili. Huwafungashia watoto wake nguo na kwenda nao Muheza kwa bibi yao, na hununua ukindu wa kusukia mkeka.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Dar es Salaam, kwa hiyo likizo ya wanafunzi ndiyo nafasi yake ya kupumua. Wenzake wanapokimbilia saluni au kwenye biashara zao ndogo, yeye hukaa uani kwa mama yetu na kusuka ukili. Alifundishwa na mama akiwa na miaka 9. Hajawahi kuuza mkeka hata mmoja, huwagawia watu tu: bibi harusi, mzazi aliyetoka arobaini, jirani aliyehamia nyumba mpya.

Mwaka huu watoto walikwenda Muheza kama kawaida, lakini ukindu haukuguswa.

Hii ni habari ya likizo hiyo. Dada ameniruhusu kuiandika kwa sharti moja, nisitaje jina lake wala la mtoto wake yeyote. Nimekubali. Naiandika kwa sababu kazi yangu ni kuandika habari za afya, na katika familia yetu mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kuona kilichokuwa kinaendelea.

Katuni tangu asubuhi

Jumamosi ya kwanza ya likizo nilikwenda kwao Mbagala kuwasalimia. Watoto ni watatu: wa kike wa miaka 7 aliye darasa la pili, wa kiume wa miaka 4, na mdogo wa kike aliyekuwa anakaribia kutimiza miezi 9.

Niliwakuta wawili wakubwa wamekaa mbele ya runinga, vikombe vya chai ya asubuhi bado viko sakafuni, na ilikuwa saa nane mchana. Mdogo alikuwa anatambaa kuelekea kwenye vikombe. Dada alikuwa kwenye kochi, macho kwenye runinga, lakini nilipomuuliza wanaangalia nini hakujua.

Nikafanya kile ambacho mtu wa kazi yangu hukifanya. Nikamweleza kuwa Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Nikaongeza kwamba wa miaka 4 anatakiwa kucheza na kujishughulisha dakika zisizopungua 180 kwa siku, na kulala saa 10 hadi 13.

"Sawa mdogo wangu, nimesikia," akanijibu.

Anayemfahamu dada yangu angeshtuka pale pale. Huyu ni mwalimu. Ukimwambia jua linachomoza mashariki, atakuuliza umepimaje. Mwaka jana ningemwambia maneno yale angenijibu nizae kwanza, kisha ndiyo nije na mwongozo wangu.

Mimi nikadhani nimeshinda hoja. Nikaokota vikombe, nikazima runinga, nikawapeleka watoto nje kucheza kombolela, na jioni nikarudi kwangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Simu ya mama

Jumatatu iliyofuata dada na wanawe walipanda basi. Njia ni ileile ya miaka yote: Chalinze, halafu Segera ambapo wa Moshi na Arusha wanashika kushoto na wa Tanga wanashika kulia, halafu Muheza. Juni ni wakati wa machungwa Muheza. Barabarani yamepangwa kwa mafungu, na uani kwa mama kuna michungwa miwili ambayo wajukuu huipanda kuliko ngazi.

Alhamisi usiku mama alinipigia simu.

"Dada yako hajashika ukindu," alisema.

Nikamwambia labda amechoka na safari, ana mtoto anayenyonya, amwache apumzike.

"Nimemwekea mafungu matatu, nimemchania mwenyewe. Jumanne kasema kesho. Jana kasema kesho. Leo nimemuuliza, kaniambia, 'Mama, ukili wa nini?'"

Nikanyamaza. Mama akaendelea: "Mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa yule. Alipofariki baba yenu alisuka usiku kucha, machozi yanadondokea chane. Mwaka jana, tumbo la miezi sita, kasuka mkeka wa mtoto. Leo anauliza ukili wa nini. Huyo hajachoka. Huyo anaumwa."

Baada ya kukata simu nilikaa kitandani muda mrefu. Nilikumbuka kitu ambacho nimewahi kukiandika mwenyewe gazetini. Kuna kipimo kifupi cha kutambua dalili za sonona kinachotumika sehemu nyingi duniani. Kina maswali 2 tu kuhusu wiki 2 zilizopita. La pili linauliza kama mtu amekuwa na huzuni au amekata tamaa. La kwanza linauliza kama amekosa hamu au raha ya kufanya mambo.

Mama yangu aliishia darasa la saba na hajui kipimo hicho. Lakini swali la kwanza alikuwa amelijibu kwa niaba ya mwanawe kwa kuangalia mafungu matatu ya ukindu. Kesho yake nikaomba ruhusa ya wiki moja kazini.

Mazungumzo ya jikoni

Nilifika Muheza Jumamosi. Usiku, watoto walipolala, nilimkuta dada jikoni anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

"Dada, unalala?" nikamuuliza.

"Mtoto anaamka mara mbili kunyonya."

"Akilala yeye, na wewe unalala?"

Hakujibu upesi. Alisugua sufuria kwanza. "Hapana," alisema.

Akaanza kunieleza kidogo kidogo. Alirudi kazini Januari shule zilipofunguliwa, baada ya siku 84 za likizo ya uzazi na zile za Desemba. Alikuwa na darasa lenye watoto wengi, madaftari ya kusahihisha, na nyumbani watatu wanaomsubiri. Mwanzoni ilikuwa uchovu. Kuanzia Februari ikawa kitu kingine. Chakula hakina ladha. Usiku macho makavu. Mchana anatamani kulia bila sababu anayoweza kuitaja. Watoto wakicheka anacheka nao, lakini anajiona kama mtu anayewachungulia kutoka dirishani.

"Nikiwawekea katuni wanatulia," alisema, "na mimi hakuna anayeniita mama kwa saa moja. Ulipokuja ukanisomea ule mwongozo, nilijua una haki. Nikajiona mama mbaya zaidi."

Maneno hayo sijayasahau na sidhani kama nitayasahau.

Nilijua kuna swali moja bado, na lilikuwa zito mdomoni. Nikamuuliza kama amewahi kuwaza kujidhuru, au kumdhuru mtoto. Wengi tunaogopa swali hilo tukidhani litampandikizia mtu wazo. WHO inasema si hivyo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumchochei, mara nyingi kunampunguzia mzigo.

"Hapana," akasema. "Ila nimewahi kutamani nilale wiki nzima nisiamshwe."

Tulikubaliana jambo moja usiku ule. Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki ya mtoto. Safari hii mama naye angekwenda kama mgonjwa.

Miezi 9, chanjo moja na wagonjwa wawili

Nchini kwetu mtoto akitimiza miezi 9 hupata dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubela, na ya pili akiwa na miezi 18. Kwa akina mama wengi hiyo ya miezi 9 ni safari ya mwisho ya kliniki kabla ya kukaa muda mrefu bila kuonana na muuguzi.

Fikiria nafasi iliyopo hapo. Mtoto anapimwa uzito, anawekewa alama kwenye kadi, anachomwa sindano. Mama amemshika mapajani. Akiulizwa hali, anajibu "nzuri" kwa sababu ndivyo tulivyolelewa kujibu salamu.

Dada naye alijibu "nzuri". Kisha mtoto alipomaliza kulia baada ya sindano, akasema, "Nesi, samahani, si nzuri. Naomba tuzungumze."

Muuguzi yule alimwita mwenzake ashike foleni, akamchukua dada chumba cha pili. Walikaa humo karibu nusu saa. Alimuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, kazi, mume, na mawazo yake. Alimpima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu nao huleta uchovu na huweza kufanana na sonona au kuambatana nayo. Damu ilikuwa chini kidogo, akapewa vidonge vya madini chuma. Kisha akaandikiwa rufaa ya kumwona mtaalamu wa afya ya akili, na akaambiwa neno ambalo dada anasema lilimshusha mzigo: "Mama, hii inaitwa sonona baada ya kujifungua. Si uvivu na si dhambi. Inatibika."

Kwa mujibu wa WHO, katika nchi zinazoendelea wanawake wapatao asilimia 15.6 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, wakati wa ujauzito, na asilimia 19.8 baada ya kujifungua. Hiyo ni karibu mama 1 katika kila 5. Kwenye foleni ya kliniki ile asubuhi nilihesabu kina mama 23 wenye watoto mapajani. Sikuweza kuacha kupiga hesabu.

Si kila machozi baada ya uzazi ni sonona. Wazazi wengi hulia na kubadilika hisia siku chache za mwanzo, na hali hiyo hupita yenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Sonona hukaa. Inaweza kuanza mapema au miezi kadhaa baadaye, na inamgusa hata mama wa mtoto wa tatu aliyedhani anaijua njia.

Tuliporudi, jirani mmoja alishauri kuwa hilo ni jicho la husuda, dada afanyiwe dawa. Mama hakubishana naye. "Dua tutaomba," alimjibu, "na kwa daktari atakwenda."

Likizo yenyewe ilivyokuwa

Msomaji asidhani kuwa kuanzia siku ile nyumba iligeuka chumba cha wagonjwa. Watoto walikuwa likizo, na walihakikisha tunalijua hilo.

Asubuhi walikwenda na bibi yao shambani kung'oa mihogo. Mchana waliokota machungwa yaliyodondoka na kuyapanga kwa mafungu, wakafungua genge la uongo uani, bei zao zikipanda kila nilipokuja kununua. Jioni walikimbizana na watoto wa majirani hadi miguu ikawa rangi moja na udongo. Runinga ilikuwepo. Siku ya tatu nilitambua hakuna aliyeiulizia. Zile dakika 180 nilizomsomea dada Mbagala zilipita kabla ya saa sita mchana, bila mtu kuzihesabu.

Kilichobadilika ni ratiba ya watu wazima. Mama aliweka sheria: kuanzia alasiri hadi magharibi, mtoto mdogo ni wa bibi. Dada asiulizwe jambo. Asipike, asioshe, asisahihishe mtu.

Siku tano za mwanzo alilala. Alikuwa anaingia chumbani baada ya kunyonyesha, anaamka adhana ya magharibi ikiita. Siku ya sita alitoka nje, akakaa kwenye jamvi karibu na mama, akatazama tu. Siku ya saba alichovya chane kwenye maji, maana ukindu mkavu hukatika, akaanza.

Alisuka kama nusu pima. Kisha akaitazama, akaifumua yote.

"Imepinda," alisema.

Nilivunjika moyo. Mama akanikonyeza. Baadaye aliniambia kuwa mtu asiyejali hafumui.

Ningependa kuandika kwamba ukili ulimponya dada. Haukumponya. Alianza vikao vya ushauri, na vinaendelea hadi sasa. Daktari alimweleza pia kuwa zipo dawa ambazo mama anayenyonyesha anaweza kuzitumia kwa usimamizi, ikibidi. Lakini mshauri wake alipomuuliza alikuwa anapenda kufanya nini kabla, na akamwagiza alifanye kidogo kila siku hata bila hamu, dada alicheka. "Mama yangu ameshaniandikia dawa hiyo," alimwambia.

Hiyo ni njia inayojulikana katika tiba ya sonona. Mgonjwa husubiri hamu irudi ndipo afanye jambo. Tiba humsaidia afanye kidogo kwanza, na hamu hufuata taratibu.

Wala si lazima msaada wote utoke kwa daktari bingwa. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika vijijini Pakistan, ambapo wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuwatembelea akina mama wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Watoto walipofika miezi 6, akina mama waliokuwa bado na sonona walikuwa asilimia 23 upande wa waliotembelewa namna hiyo, na asilimia 53 upande wa wengine. Mwaka 2015 WHO ilitoa mwongozo wa kufundishia njia hiyo.

Watoto nao walijifunza

Kuna jambo ambalo sikulitarajia. Mama anapokaa chini na kazi ya mikono anayoipenda, watoto humfuata.

Wa miaka 7 aliomba chane zake. Bibi akamwanzishia msuko mwembamba, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtoto huyo ametulia kwenye jambo moja kwa nusu saa. Wa miaka 4 alipewa kazi ya kutenganisha rangi: nyekundu huku, kijani huku, zambarau huku, tano tano. Akikosea dada yake mkubwa anamkemea kwa sauti ya ualimu aliyoirithi. Mdogo alipewa kipande cha ukili akitafune, na alikitafuna kwa bidii.

Rangi yenyewe mama aliichemsha usiku, nyuma ya nyumba, watoto wakiwa wamelala. Alinieleza kwa nini bila mimi kuuliza: mtoto anayetambaa haoni tofauti ya sufuria ya rangi na kiti. Ndoo za maji pia zilifunikwa na kuwekwa juu. Likizo ni wakati ambao watoto wengi wako nyumbani na mkubwa ni mmoja, na maji ya moto na ndoo iliyo wazi havitoi onyo.

Tangu mwaka 2018 WHO, UNICEF na Benki ya Dunia wamekuwa wakieleza malezi ya mtoto mdogo kwa mambo 5: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Tanzania imeyaweka kwenye Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza mwaka 2021/22. Nimeyaandika mambo hayo mara nyingi. Sikuwahi kujiuliza vya kutosha kuwa hilo la tatu, mwitikio, linamhitaji mzazi mwenye nguvu ya kuitika. Mtoto akicheka, mwenzake acheke kweli. Akiita, aitikiwe. Mama aliye nyuma ya dirisha hawezi, hata akipenda vipi.

Baba naye

Shemeji yangu ni fundi umeme na alibaki Dar es Salaam kwa ajili ya kazi. Alikuja Jumamosi iliyofuata. Dada alimweleza mwenyewe, sisi tukatoka nje.

Baadaye alinikuta chini ya mchungwa. "Nilijua kachoka," alisema. "Nikawa namwambia apumzike. Shemeji, nilikuwa namwambia apumzike huku nimeshika simu, mtoto analia."

Hakuahidi makubwa. Alichukua mambo mawili: kumwogesha mtoto mdogo kila jioni akiwa nyumbani, na kuamka usiku kumbembeleza mtoto akishanyonya ili mama arudi kulala. Jumapili alimwogesha hapo uani mbele ya mama mkwe, maji yakammwagikia mwenyewe zaidi ya mtoto. Mama alijifanya hajaona.

Kama kuna mama kama huyu nyumbani kwako

Muuguzi aliyemsikiliza dada alinikumbusha mambo ya kuangalia. Nayaweka hapa kwa anayeyahitaji.

Angalia alichokuwa anakipenda. Kama mama alikuwa anaimba kwaya, analima bustani ya mchicha, anafuma vitambaa, au hakosi kikao cha kikundi, na ameacha kwa zaidi ya wiki 2 bila sababu ya wazi, muulize.

Uliza kuhusu usingizi wake, si wa mtoto. Mama anayeshindwa kulala hata mtoto akiwa amelala anahitaji kusikilizwa.

Siku ya kliniki mama aseme. Muuguzi ana foleni, huenda asiulize. Sentensi moja inatosha kuanza: "Na mimi sijisikii vizuri."

Toa saa moja, usitoe ushauri. Mchukue mtoto, osha vyombo, ondoka naye kwenda kwa jirani. Usimwambie apumzike kisha ukamwachia mtoto.

Na kama mama anazungumzia kufa, kujidhuru au kumdhuru mtoto, anaona au kusikia vitu visivyokuwepo, au amebadilika ghafla siku chache baada ya kujifungua, usisubiri kesho. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pima tatu na nusu

Walirudi Dar es Salaam shule zilipokaribia kufunguliwa, na gunia la machungwa lililovuja njia nzima. Dada amerudi darasani. Zipo siku nzuri na zipo siku anapiga simu kuniambia leo haikuwa nzuri. Hapo awali asingepiga.

Wiki iliyopita nilikwenda Mbagala. Watoto walikuwa mbele ya runinga. Sikusema kitu. Nilimchukua mdogo mgongoni, nikaenda jikoni, nikamuuliza dada amelalaje.

"Nimelala saa tano mfululizo," alisema. "Baba yao aliamka."

Nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, kulikuwa na ukili umezungushwa kama mkate wa kusukuma. Nikamuuliza amefika wapi. Akanyoosha mikono kunipimia: pima tatu na nusu. Mkeka bado sana.

Nikamwambia, kwa heshima yote, kuwa naona umepinda kidogo mwishoni.

"Zaa kwanza," akanijibu, "kisha uje unifundishe kusuka."